Sauti ya Usuli Usingizini na Uibuaji wa Ndoto za Utambuzi: Ufafanuzi kwa Kurejelea Usiku wa Kata ya Kizota, Dodoma

IKISIRI

Makala haya yanafafanua namna sauti inayosikika wakati wa usingizi inavyoweza, na inavyoshindwa, kuibua ndoto za utambuzi, yaani ndoto ambazo mwotaji hujua kuwa anaota ilhali ndoto ingali inaendelea. Hoja kuu ni kwamba sauti peke yake haizai utambuzi. Kinachouzaa ni maana ambayo mlalaji ameifunga kwenye sauti hiyo kabla ya kulala, pamoja na wakati na kiwango ambacho sauti hiyo inamfikia. Hoja hii inajengwa kwa kupitia kazi za kitaalamu za kuanzia karne ya 19 hadi mwaka 2024, kisha inahusishwa na mazingira ya usiku ya kata ya Kizota jijini Dodoma, ambako ukimya wa maabara haupo. Makala yanahitimisha kuwa mazingira ya namna hiyo si kikwazo kwa utafiti, bali ni mahali pafaapo kupima dai lenyewe, mradi usingizi wa mshiriki na wa jirani yake ulindwe.

Istilahi muhimu: ndoto ya utambuzi, sauti ya usuli, sauti-ishara, sauti-funiko, mazoea, Kizota

1.0 UTANGULIZI

Katika simu janja za vijana wengi leo hupatikana rekodi ndefu za mvua, mawimbi, milio ya kujirudia au maneno yanayonong’onwa, ambazo msikilizaji huelekezwa kuziacha zikisikika usiku kucha ili apate kujitambua ndani ya ndoto. Ahadi ya rekodi hizo ni nyepesi: bonyeza, lala, kisha itawale ndoto yako. Wepesi huo ndio unaodai ufafanuzi, kwa kuwa unachanganya mambo matatu yasiyofanana: sauti inayomsaidia mtu kulala, sauti inayoingia katika maudhui ya ndoto, na sauti inayomkumbusha mwotaji kuwa anaota.

Mchanganyiko huo una gharama katika pande mbili. Kwanza, ndoto za utambuzi si burudani tu. Spoormaker na van den Bout (2006), katika utafiti wa majaribio wenye washiriki wachache, walizitumia kama njia ya kupunguza jinamizi la mara kwa mara, na matokeo yao yalitia moyo kiasi cha kustahili kufuatiliwa. Iwapo mbinu hii ina tija ya kitabibu, basi mtu anayeteswa na ndoto mbaya anastahili kuambiwa ni sehemu gani ya mbinu inayofanya kazi. Pili, sauti ya usiku kucha hugusa usingizi wenyewe. Mfanyakazi wa zamu, mwanafunzi wa chuo kikuu au mama mwenye mtoto mchanga hawezi kuombwa apoteze saa za usingizi kwa ahadi isiyopimwa.

Kata ya Kizota imechaguliwa kuwa kielelezo kwa sababu ya hali yake. Ni kata ya mjini, upande wa magharibi wa Jiji la Dodoma, yenye viwanda, maghala na makazi kwa pamoja. Hapo ndipo yalipo maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Maeneo ya aina hiyo yana sauti za usiku ambazo mlalaji hakuziomba. Swali linaloongoza makala haya ni hili: ikiwa sauti ya usuli huibua ndoto za utambuzi, mbona wanaolala katikati ya sauti hizo hawaamki kila asubuhi wakisimulia ndoto walizozitambua?

2.0 UFAFANUZI WA DHANA

2.1 Ndoto ya utambuzi

Dhana ya ndoto ya utambuzi ilipata jina la kitaalamu katika maandishi ya Frederik van Eeden, daktari na mwandishi wa Uholanzi, mwaka 1913. Kigezo chake ni kimoja: mwotaji awe anajua, ndani ya ndoto, kuwa anaota. Kuitawala ndoto ni jambo la ziada. Mtu anaweza kutambua kuwa anaota asiweze kubadili lolote. Uchambuzi wa Saunders na wenzake (2016), uliojumlisha tafiti za miaka 50, ulikadiria kuwa asilimia 55 ya watu wamewahi kuota ndoto ya namna hii angalau mara moja, na asilimia 23 huiota mara moja kwa mwezi au zaidi.

Ni muhimu kuitenga ndoto ya utambuzi na ndoto kali, yaani ile yenye rangi, hisia na matukio yaliyo wazi kupita kawaida. Tofauti hii ina uzito wa pekee katika Afrika Mashariki. Dawa ya efavirenz, iliyotumiwa kwa miaka mingi katika tiba ya virusi vya UKIMWI kabla ya dolutegravir kushika nafasi yake, inajulikana kwa kuleta ndoto kali. Mtumiaji wake angeweza kusimulia ndoto ya kustaajabisha pasipo kutambua hata mara moja kuwa alikuwa akiota. Mtafiti anayeuliza tu kama ndoto ilikuwa “wazi” atahesabu athari ya dawa kuwa ni athari ya sauti.

Aidha, Kiswahili kina hazina yake ya maneno ya ndoto: ndoto, njozi, ruya na jinamizi. Ruya, kwa waumini wa Kiislamu, hubeba dhana ya ndoto njema yenye ujumbe. Jinamizi hutumika kwa ndoto ya kutisha na pia kwa hali ya kuamka huku mwili haujongei na kifua kimekandamizwa. Hakuna neno kati ya hayo linalotaja utambuzi wa mwotaji. Kwa hiyo dodoso la Kiswahili halina budi kuuliza kwa sentensi kamili, kwa mfano: “Ulipokuwa ndotoni, je, ulijua kwamba unaota?”

2.2 Aina tatu za sauti

Makala haya yanatumia istilahi tatu. Sauti-funiko ni sauti ya mfululizo isiyobadilika, kama mvumo wa feni, ambayo hupunguza tofauti kati ya ukimya na kelele za ghafla. Sauti-kishtushi ni sauti ya ghafla inayovunja usingizi au kuufanya kuwa mwepesi. Sauti-ishara ni sauti fupi ambayo mlalaji amefundishwa maana yake akiwa macho. Istilahi “sauti ya usuli” imebaki kuwa jina la jumla la sauti yoyote inayosikika chumbani wakati mtu amelala.

3.0 USHAHIDI WA KITAALAMU

3.1 Misingi ya karne ya 19

Mfaransa Alfred Maury, katika kitabu chake cha mwaka 1861, alionyesha kuwa vichocheo vya nje huweza kuingia ndotoni vikiwa vimevaa sura nyingine. Kisa chake mashuhuri ni cha ndoto ya kukatwa kichwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, iliyoambatana na kipande cha kitanda kumwangukia shingoni. Kichocheo kiliingia ndotoni, lakini Maury hakutambua kuwa anaota. Kuingia kwa sauti katika ndoto na kutambua ndoto ni mambo mawili.

Mwenzake, Hervey de Saint-Denys, alikwenda hatua moja mbele katika kitabu cha mwaka 1867. Alipanga na kiongozi wa bendi kwamba kila alipocheza dansi na mwanamke fulani upigwe wimbo fulani, na alipocheza na mwingine upigwe wimbo wa pili. Baadaye kisanduku cha muziki kilichounganishwa na saa kilipiga wimbo mmojawapo akiwa amelala, na mwanamke aliyehusishwa na wimbo huo akatokea ndotoni. Kisa hiki ni cha mtu mmoja, na hakitoshi kuwa uthibitisho. Hata hivyo kanuni iliyomo inarudi katika tafiti zote zilizofuata: sauti ilileta kile ilichokuwa imefungwa nacho hapo kabla.

3.2 Maabara za usingizi

Mwaka 1953 Aserinsky na Kleitman walieleza awamu ya usingizi ambayo macho huchezacheza kwa kasi chini ya kope, awamu ijulikanayo kimataifa kwa kifupisho REM. Usingizi wa mtu mzima huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na vipindi vya REM hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Ndoto nyingi za utambuzi zilizothibitishwa maabarani zimetokea katika awamu hii. Uthibitisho wenyewe ulipatikana kwa ishara za macho: mwotaji hupeleka macho kushoto na kulia kwa mpangilio waliokubaliana, na mashine hurekodi. Keith Hearne alilifanya jambo hilo nchini Uingereza mwaka 1975, na Stephen LaBerge na wenzake wakachapisha matokeo yao ya Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1981.

Kwamba ubongo uliolala huchagua cha kusikia kulionekana mapema. Oswald, Taylor na Treisman (1960) waliwasikilizisha walalaji orodha ya majina na kuona kuwa jina la mlalaji mwenyewe liliamsha mwitikio mkubwa wa umeme wa ubongo kuliko majina mengine. Sauti mbili zenye ukubwa ule ule zilipokewa tofauti kwa sababu moja ilikuwa na maana kwa msikilizaji.

3.3 Tafiti za karibuni

Mapitio ya Stumbrys na wenzake (2012) yaliyohusisha tafiti 35 yalibaini kuwa hakuna mbinu iliyothibitika kuibua ndoto za utambuzi kwa uhakika na kwa uthabiti, ingawa baadhi zilionyesha matumaini. Baadaye Carr na wenzake (2020) waliwafundisha washiriki, kabla ya usingizi mfupi wa asubuhi, kuhusisha mlio na mwanga fulani na hali ya kujichunguza: ninawaza nini, mwili wangu ukoje, je, naota? Ishara hizo zilipotolewa wakati wa REM, nusu ya washiriki walitoa ishara ya macho kuwa wametambua ndoto. Kundi lililopata mafunzo hayo hayo bila ishara usingizini lilipata kiwango cha chini zaidi. Idadi ya washiriki ilikuwa ndogo, na usimamizi ulikuwa wa maabara.

Konkoly na wenzake (2021) walikusanya kazi za maabara za Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi zenye jumla ya washiriki 36, na kuonyesha kuwa baadhi ya waotaji waliweza kujibu maswali wakiwa ndotoni. Majibu sahihi yalikuwa takriban asilimia 18 ya majaribio. Katika majaribio mengi hapakuwa na jibu lolote. Hata kwa waliofaulu, sauti haikufika daima ikiwa safi. Mara nyingine ilisikika kama inatoka nje ya ndoto, na mara nyingine kama inatoka kwa kitu kilichomo ndotoni.

Utafiti uliogusa moja kwa moja swali la makala haya ni ule wa mwaka 2024 wa Konkoly na wenzake, uliofanyika majumbani kwa programu ya simu. Wastani wa ndoto za utambuzi kwa wiki ulipanda kutoka 0.74 hadi 2.11. Katika jaribio la pili, usiku wenye sauti zilizofundishwa ulilinganishwa na usiku wenye sauti ambazo hazikufungamanishwa na mafunzo, na pia na usiku usio na sauti. Sauti zilizofundishwa ndizo zilizokuwa na faida. Kama sauti peke yake ingekuwa chanzo, sauti zisizofundishwa zingepaswa kutoa matokeo yale yale.

4.0 USIKU WA KIZOTA

4.1 Sauti zisizoombwa

Mazingira kama ya Kizota yana sauti za usiku za aina nyingi: malori, honi ya treni ya reli ya kati inayokwenda Tabora na Kigoma, mbwa, majogoo, redio ya jirani na sauti za ibada. Majira nayo huleta sauti zake. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili kwa kawaida, na mvua juu ya bati lisilo na dari hufunika mazungumzo ya watu waliomo chumba kimoja. Miezi ya kiangazi huleta upepo unaogonga madirisha. Hivyo usiku wa Februari na usiku wa Julai ndani ya chumba kile kile si mazingira mamoja ya kusikia.

Kwa kutumia mgawanyo wa sehemu ya 2.2, mvua ya mfululizo juu ya bati ni sauti-funiko. Honi na kishindo cha lori ni sauti-kishtushi kwa mgeni, lakini mwenyeji huzizoea. Mazoea haya ndiyo jibu la swali la utangulizi: sauti inayorudi kila usiku bila kumdai mlalaji chochote hupoteza uwezo wa kuuvuta umakini wake. Rekodi ya saa nane inaingia katika kundi hilo hilo. Inaweza kumfunika mtu dhidi ya kelele nyingine, lakini haimwambii lolote. Redio inayoachwa wazi ni dhaifu zaidi kwa kazi hii, kwa maana maneno na ukubwa wa sauti yake hubadilika bila mpangilio. Si funiko wala si ishara.

4.2 Adhana kama kielelezo cha sauti yenye maana

Adhana ya Alfajiri inaonyesha upande wa pili wa hoja. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, hivyo urefu wa usiku hubadilika kidogo sana mwaka mzima, na wakati wa Alfajiri hubaki kati ya takriban saa kumi na moja na saa kumi na moja na nusu. Kwa mtu anayelala saa nne usiku, adhana humkuta katika sehemu ya usingizi yenye vipindi virefu vya REM, Januari hata Desemba. Katika jiji kama London, ambako wakati huo husogea kwa saa kadhaa kati ya kiangazi na kipupwe, uwiano wa namna hiyo haudumu.

Muumini aliyeizoea adhana anaweza kulala katikati ya kishindo cha malori kisha akaamshwa na mwito wenye sauti ndogo kuliko kishindo hicho. Ndivyo pia mama anavyopitiwa na ngurumo lakini akainuka mtoto anapoguna. Kinachotenda kazi katika visa vyote viwili ni maana iliyojengwa kwa muda mrefu. Hata hivyo maana ya adhana ni “amka uswali”, si “tambua kuwa unaota”. Sauti hiyo huamsha kwa sababu ndivyo ilivyofungwa. Haifai, wala si adabu, mtafiti kujaribu kuifunga upya kwa kusudi lake, na hukumu hiyo inahusu pia kengele ya kanisa na sauti nyingine yoyote ambayo jamii imekwisha kuipa kazi.

5.0 MASHARTI YA SAUTI-ISHARA

Kutokana na ushahidi huo, sauti inayokusudiwa kuibua ndoto ya utambuzi inapaswa kutimiza masharti manne.

Kwanza, maana itangulie. Mlalaji asikie sauti hiyo mara kadhaa akiwa macho, na kila mara asimame, achunguze mawazo yake, mwili wake na mazingira, kisha ajiulize kama yumo ndotoni. Bila hatua hii sauti hubaki kelele.

Pili, wakati uwe sahihi. Sauti isikike katika saa za mwisho za usiku. Sauti inayoanza mtu anapolala hutumika katika saa zenye usingizi mzito, ambazo mwili unazihitaji kwa mapumziko, na kufikia alfajiri imekwisha kuzoeleka.

Tatu, kiwango kiwe cha chini ila kisikike. Sauti kubwa huamsha. Sauti ndogo mno hufunikwa na mazingira. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kuwa kelele ya mfululizo chumbani usiku isizidi desibeli 30. Katika chumba chenye mvua juu ya bati, sauti ya kiwango hicho haitasikika kamwe. Kwa hiyo kiwango hakiwezi kunakiliwa kutoka maabara ya nje. Hupangwa kwa kupima chumba chenyewe.

Nne, sauti iwe ya pekee. Mlio unaofanana na ujumbe wa simu, honi au king’ora umekwisha kuwa na mwenyewe. Mdundo mfupi wa ilimba, kwa mfano, unaweza kutofautishwa kwa urahisi na honi na injini, lakini kwa mtu aliyekulia katika ngoma za Wagogo unaweza kuleta kumbukumbu zake badala ya swali lililokusudiwa. Mshiriki mwenyewe ashirikishwe kuchagua.

Utafiti utakaofanyika Kizota unaweza kuyapima masharti haya kwa usiku wa aina tatu kwa mshiriki yule yule: wenye sauti iliyofundishwa, wenye sauti isiyofundishwa, na usio na sauti ya ziada. Kiwango cha kelele chumbani kirekodiwe usiku kucha, na majira yatajwe. Matokeo yakionyesha tofauti kati ya sauti iliyofundishwa na isiyofundishwa hata katikati ya malori na mvua, hoja ya maana itakuwa imepita mtihani mgumu kuliko wa maabara. Tofauti ikitoweka, itajulikana kuwa mbinu inategemea ukimya ambao wakazi wengi wa miji yetu hawana.

6.0 HADHARI

Usingizi una haki ya kwanza. Mbinu za kuamka usiku kisha kurudi kulala, ambazo mara nyingi huambatana na sauti-ishara, hukata usingizi na zinaweza kuleta ile hali ya jinamizi ambayo mwili hauwezi kujongea. Mshiriki aelezwe hilo mapema ili lisimtishe. Mlinzi wa ghala au dereva anayetoka zamuni hafai kuombwa avunje saa chache alizonazo, kwa kuwa usingizi wake unalinda pia maisha ya wengine. Watu wenye historia ya maradhi ya kuchanganyikiwa na uhalisi wasishirikishwe bila ushauri wa daktari. Dodoma ina Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, ambayo utafiti wa aina hii unaweza kushauriana nayo.

Lipo pia suala la jirani. Katika nyumba za kupanga, chumba kimoja kinaweza kuwa na walalaji watatu au wanne, na ukuta ukawa haufiki juu. Sauti ya mmoja ni sauti ya wote. Vipokea sauti vya masikioni humwondolea jirani adha, lakini humzibia mvaaji kilio cha mtoto na hodi ya dharura. Kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, hutazama kelele inayovuka mipaka ya eneo. Ndani ya chumba hubaki ridhaa ya waliomo. Kibali cha utafiti wa afya, kinachopitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kinapaswa kuihusisha ridhaa hiyo ya wote, si ya mshiriki peke yake.

7.0 HITIMISHO

Makala haya yamefafanua kuwa dai la sauti ya usuli kuibua ndoto za utambuzi ni kweli kwa sehemu tu. Sauti huweza kuingia ndotoni bila kuleta utambuzi, kama kichocheo kilivyoingia katika ndoto ya Maury. Huweza kuleta kile ilichofungwa nacho, kama ilivyokuwa kwa Hervey de Saint-Denys. Na pale ilipofungwa na swali la kujichunguza, ikatolewa kwa upole katika saa za REM, imeongeza ndoto za utambuzi kuliko sauti isiyofundishwa. Rekodi ya usiku kucha haitimizi masharti hayo, hata kama inamsaidia mtu kulala.

Kwa mkazi wa Kizota anayesumbuliwa na ndoto mbaya, maana ya hitimisho hili ni ya kivitendo: dakika chache za mazoezi akiwa macho zina thamani kuliko saa nane za rekodi. Kwa mtafiti, usiku wa Kizota wenye malori, mvua na adhana haupaswi kuondolewa kama dosari ya data, kwa kuwa ndio unaoonyesha ni sauti ipi mlalaji huiacha ipite na ni ipi huijibu.